UZI: Kusanifu kisu cha porini pamoja na mteja, na kumwachia akijaribu kabla hajalipa

Chumamoto

Wakuu, uzi huu ni wa mafundi wanaotengeneza kwa mkono visu vya porini: vya waongoza watalii, wapagazi wa mlimani, askari wa wanyamapori, wavuvi na watu wa kambi. Wateja nao wakaribie, maana mengi hapa yanawahusu wao.

Msimamo wangu ni huu: chuma kisikatwe mpaka mwenye mkono ameshika mfano wa kisu chake na kufanya nao kazi. Picha ya kwenye simu haioneshi uzito umekaa wapi, wala haioneshi kona ya mpini itakayomchubua mtu baada ya robo saa. Chuma kibaya kinaweza kujificha miezi kadhaa. Mpini mbaya unajulikana siku hiyohiyo, na kisu kinaishia kabatini hata kama makali yake ni mazuri kiasi gani.

Anza na mkono. Pima upana wa kiganja kwenye vifundo vya vidole vinne, gumba liache. Watu wazima wengi wanaangukia kati ya milimita 75 na 95. Ongeza 20 hadi 25, hapo umepata urefu wa mpini. Kiganja cha 90 kinataka mpini wa 110 hadi 115. Mtu anayevaa glavu, mfano wale wa usiku wa kupanda kilele Kilimanjaro, muongezee tena 8 hadi 10.

Kwa unene, chonga mipini mitatu ya mfano kwa mti laini, msonobari au mtarakwa. Ukiukata mpini katikati uonekane umbo la yai, sehemu nyembamba ikiwa upande wa makali. Mdogo uwe milimita 22 kwa 27, wa kati 24 kwa 30, mkubwa 26 kwa 33. Mizingo yake inakuja takriban 77, 85 na 93. Mteja afumbe mkono juu ya kila mmoja. Ncha za kidole cha kati na cha pete zinapaswa kukaribia nyama iliyo chini ya gumba bila kuichimba. Zikichimba, mpini ni mwembamba kwake. Zikibaki mbali zaidi ya sentimita moja, mpini ni mnene na atachoka kuubana.

Bapa la kazi za kambi: urefu 95 hadi 115, upana 28 hadi 30, mgongo milimita 3 hadi 4. Mengine tutayachambua humu.

Mkwaju77

Mkuu, hapo kwenye mgongo wa milimita 3 hadi 4 wateja watakukimbia. Wengi wakishika kisu chembamba wanasema "hiki kitavunjika". Springi za lori tunazofulia visu zinakuja na milimita 8 au 10, kwa nini usiache 5 au 6 kisu kiwe na nguvu?

Chumamoto

Mkwaju, ndiyo maana mteja lazima akate kitu, asiishie kukipima mkononi. Unene unamvutia akiwa dukani na kumchosha akiwa kazini.

Chukua kisu chenye mteremko mmoja wa kwenda moja kwa moja kwenye makali, kama visu vya Skandinavia. Ukinoa nyuzi 12 kila upande, mgongo wa milimita 3 unakupa mteremko wa upana wa milimita 7. Mgongo wa 3.5 unakupa 8 na kidogo. Mgongo wa 5 unakupa karibu 12. Sasa mteja atanoa vipi mteremko wa 12 kwenye kinoo cha mfukoni porini? Atachoka, atainua mgongo, atanoa ncha ya makali tu, na pembe uliyoisanifu imekufa.

Ukitaka mgongo mnene kwa sababu ya kupasua kuni, basi teremsha bapa lote kuanzia mgongoni mpaka kwenye makali, na chini kabisa weka makali madogo ya nyuzi 20 kila upande. Kabla ya kunoa, unene pale chini uwe milimita 0.4 hadi 0.5. Bapa la namna hiyo linaingia kwenye kitunguu bila kukipasua. Ukiacha unene wa milimita 1 nyuma ya makali, kisu kitanyoa nywele za mkono na bado kitashindwa kukata karoti.

Uzito nao unahesabika mapema. Chuma cha 3.5 kwa 30 kwa 230 ni gramu 190 kabla hujakigusa. Ukishateremsha bapa na kutoboa msuka (kile chuma kinachoingia kwenye mpini) unabaki na 145 hivi. Mipini miwili ya mpingo ikishachongwa inaongeza karibu 55. Jumla gramu 200. Ukitumia msaji badala ya mpingo unapunguza kama 25, na zote zinatoka nyuma, kwa hiyo kisu kinainama mbele. Uzito ukae pale kidole cha shahada kinaposhika. Ukikaa mbele sana ukatoboa matundu machache, utakuwa umekosea: matundu hutobolewa msukani, na hiyo inazidisha kuinama mbele. Cha kupunguza hapo ni bapa lenyewe. Matundu ya msukani ni dawa ya kisu kinacholemea nyuma.

FuaweNaTupa

Naongezea upande wa chuma, kwa sababu springi watu wanaziamini kupita kiasi.

Springi ya gari si chuma kimoja. Za Marekani mara nyingi ni 5160, za Kijapani SUP9, za Ulaya 51CrV4, za Kichina 60Si2Mn. Zote zina kaboni ya kati ya asilimia 0.5 na 0.65 na zote zinachovywa kwenye mafuta. Ukichovya kwenye maji unajitafutia ufa.

Kuna tatizo la pili. Springi iliyotolewa kwenye gari imechoka, inaweza kuwa na nyufa usizoziona, hasa karibu na tundu la katikati na kwenye mikunjo ya mwisho. Isafishe kwa msasa, ipake mafuta ya taa, iache robo saa, ifute ikauke kabisa, halafu nyunyiza unga wa chaki. Mafuta yaliyoingia kwenye ufa yatapanda juu na kuchora mstari kwenye chaki. Mstari ukionekana, kipande hicho weka pembeni. Usihesabu kwamba ufa utaisha ukifua.

Kabla ya kutengeneza kisu, kata kipande cha majaribio, milimita 20 kwa 60. Kipashe moto mpaka sumaku iache kukishika (hapo ni kama nyuzi 770), kisha ongeza kidogo, 830 hadi 850. Fanya kazi hiyo kivulini, juani rangi zinadanganya. Chovya kwenye mafuta ya alizeti yaliyopashwa mpaka nyuzi 50 au 60. Mafuta ya baridi ni mazito, yanapoza polepole kuliko ya uvuguvugu. Pitisha tupa: ikiteleza bila kuuma, chuma kimeshika. Kisha kibane kwenye jiliwa, kifunike kwa kitambaa kizito, kivunje kwa nyundo, uvae miwani. Ndani paonekane kijivu laini. Ukiona vinang'aa kama chembe za sukari, ulizidisha moto. Pasha kipande kingine mara tatu, kila mara moto ukipungua kidogo, uache kipoe hewani kila mara, ndipo uchovye tena.

Kisu chenyewe kikichovywa kiwe na milimita 0.8 hadi 1 kwenye makali. Ukikikondesha mapema makali yanajikunja mawimbi. Kikitoka kwenye mafuta kimepinda, una sekunde chache za kukinyoosha kati ya mbao mbili kwenye jiliwa kikiwa bado cha moto. Kikishapoa usikilazimishe.

Baada ya hapo kutempa, yaani kukipasha tena kwa moto mdogo ili kisiwe chepesi kuvunjika, bila kungoja kesho. Nyuzi 200, saa mbili, kipoe, tena saa mbili. Rangi ya njano ya majani makavu ndiyo unayoitafuta. Ikifika zambarau au bluu umelegeza makali. Oveni ya jikoni isiaminiwe kwa namba ya kwenye kitufe chake: weka kipimajoto chake ndani na sinia la mchanga chini ya kisu ili joto lisipande na kushuka. Unapata ugumu wa 57 hadi 59 kwa kipimo cha Rockwell, unaotosha kazi za porini na bado unanoleka kwa kinoo cha kawaida.

KiongoziMarangu

Asanteni walimu. Mimi nipo upande wa mnunuzi. Fundi yupo Dar, mimi nipo Moshi. Hilo la kujaribu linafanyika vipi kwa mtu wa mbali? Na nijaribu nini hasa, maana nikipewa kisu nitakata karatasi tu na kusema kinakata.

Chumamoto

Swali zuri, na ndilo kiini cha uzi.

Fundi asitengeneze visu sita vya majaribio. Mabapa mawili yanatosha, moja la mteremko mmoja, la pili la kuteremshwa lote. Misuka iwe sawa kabisa, yenye matundu mawili ya milimita 5 kwa umbali uleule. Tengeneza jozi tatu za mipini, ndogo, ya kati na kubwa, zote zikiwa na matundu yanayolingana. Funga kwa boluti za M5 ambazo vichwa na nati vimezama ndani ya mti, visiguse kiganja. Unabadilisha jozi kwa dakika mbili na bisibisi. Kwa gharama ya visu viwili umepata sita.

Mpini wa boluti una mpaka wake: kisu hicho hakipasui kuni kwa kugongwa. Boluti hulegea na mpini hupata mwanya. Kwa kazi hiyo weka kisu cha tatu kilichogundishwa kabisa.

Kwa mtu wa mbali, mzigo wa kwanza uwe mipini ya mti mitupu, haina makali, haina hatari na haina thamani ya kuibwa. Tia kipande cha chuma ndani ili uzito ukaribie wa kisu. Mteja atume namba ya aliyoupenda, pamoja na picha ya mkono wake ukiwa umeufumbata, iliyopigwa kutoka upande wa gumba na nyingine kutoka juu. Mzigo wa pili ndio kisu chenyewe cha majaribio, siku saba mkononi kwake.

Sasa kazi za kufanya. Karatasi iache, inapima ukali wa mwanzo tu.

Chonga kijiti cha kuwashia moto: mti mkavu wa unene wa sentimita 2 na nusu, urefu wa 30. Toa nyuzi nyembamba zijikunje bila kudondoka. Nyuzi zikikatika mapema, ama makali ni butu ama pembe ni kubwa mno. Kisu kikizama kwenye mti na kukwama, pembe ni ndogo au mkono haukitawali, na hapo jaribu mpini mwingine kabla ya kulaumu bapa.

Kata pengo la kigingi cha hema, moja la pembe mraba. Hapa ndipo utakaposhika kisu kwa namna tatu tofauti, makali kwa nje, makali kwa ndani, na gumba juu ya mgongo. Mpini unaokupendeza kwa mshiko mmoja tu ni mpini wa maonesho.

Kamba ya katani ya milimita 12, ikatwe juu ya ubao kwa kuvuta, kwa sehemu ileile ya makali. Hesabu mikato mpaka kisu kianze kuteleza. Fanya hivyohivyo na kisu cha kiwandani cha bei ndogo kama Mora, vyote viwe vimenolewa siku moja kwa kinoo kimoja. Fundi asiogope kulinganishwa. Kikishindwa na cha kiwandani, afadhali ajue yeye kabla ya mteja.

Nyanya, kitunguu na nyama. Mpagazi na mpishi wa kambi wanafanya hivi kuliko kuchonga.

Mwisho mkono uliolowa sabuni. Kisu kiwe ndani ya ala na kimefungwa kamba, mteja ashike mpini, mwenzake avute ala kwa nguvu. Mkono ukisogea mbele, mpini unahitaji uvimbe mdogo mbele ya kidole cha shahada, milimita 3 hadi 4 tu. Kizuizi cha chuma mbele ya mkono si lazima kwenye kisu cha kuchonga, kinazuia mishiko mingine.

Mkwaju77

Na fundi atajuaje mpini unabana wapi? Mteja anasema "unaniuma" basi, hajui wapi.

Chumamoto

Saga mkaa uwe unga laini, changanya na matone ya mafuta ya kupikia, pakaza mpini wote. Mteja achonge dakika kumi mfululizo bila kubadilisha mshiko. Palipofutika mpaka mti ukang'aa ndipo mkono unapokandamiza. Palipobaki peusi pote hapaguswi kabisa. Mpini mzuri unafutika sawasawa, kijivu kote. Mara nyingi utaona madoa matatu yanayong'aa: kona ya juu karibu na bapa, katikati ya kiganja, na kisigino cha mpini. Punguza kwa tupa nusu milimita, pakaza tena, rudia. Ukishapata, nakili umbo kwa karatasi ngumu pande mbili na uandike vipimo kila baada ya sentimita 2. Hicho ndicho kielelezo cha mteja huyo, kitunze na namba ya kisu chake.

Usisahau kingo za msuka. Chuma kikiwa juu ya mti hata kwa unene wa ukucha, kinachubua. Na mti ukikauka husinyaa, chuma hakisinyai, kwa hiyo kisu kilichokuwa laini Tanga kitaota kingo Dodoma. Lainisha kingo za msuka kwa msasa kabla ya kugundisha ili hata mti ukisinyaa pasiwe na wembe.

AlaNaMshono

Wengi wanaleta kisu cha majaribio kimefungwa kwenye gazeti. Ala ni nusu ya jaribio, jamani. Mtu anayechomoa na kurudisha kisu mara arobaini kwa siku ataichukia ala mbaya kuliko makali butu.

Ngozi iwe ya kutengenezwa kwa magome, milimita 3 hadi 3.5. Ile laini ya kromu ya mikoba inabaki na chumvi za kiwandani na kisu cha chuma cha kawaida kikilala humo kinaota kutu. Kati ya pande mbili za ngozi weka ukanda wa ngozi wa kuzuia makali yasifike kwenye uzi, upana wa milimita 8 hadi 10. Bila huo ukanda kisu kitakata mshono chenyewe, taratibu, na siku moja kitatokea kwenye paja la mtu. Shona kwa sindano mbili zinazopishana kwenye kila tundu, nafasi ya milimita 4. Uzi mmoja ukikatika ule wa pili unashika, jambo ambalo cherehani haikupi.

Ipimwe hivi: geuza ala kichwa chini, itikise mara tatu. Kisu kisidondoke. Kisha mteja achomoe kwa mkono mmoja, kisha kwa glavu. Ikimlazimu kushika ala kwa mkono wa pili, imekaza mno. Loanisha ngozi kwa maji ya uvuguvugu, funga kisu kwa nailoni, kiingize, finyanga kwa vidole kuzunguka mpini, acha usiku kucha.

Ala za sime za Kimaasai zilizopakwa rangi nyekundu ni nzuri sana, lakini zimekatwa kwa bapa linalopanuka kuelekea ncha. Kisu chembamba kikiwekwa humo kinacheza na kugonga. Mtu akitaka sura ile, kata mpya kwa umbo la kisu chake, chukua rangi na mshono tu.

BahariniMsa

Kwa sisi wa pwani, msisahau chumvi. Springi ikikaa Mombasa au Unguja usiku mmoja ikiwa na maji ya bahari, asubuhi ina madoa ya kutu. Mvuvi auziwe chuma kisichoshika kutu, kama 14C28N au 12C27. Lakini hicho hakichovyeki kwa tanuri la mkaa: kinataka zaidi ya nyuzi 1,050 zilizopimwa sawasawa, kwa hiyo kata umbo, toboa, kisha peleka kwa mwenye tanuri la umeme lenye kipimo. Fundi anayemwambia mvuvi "paka mafuta tu" hajamtendea haki.

Na mpingo. Unapendeza na hauhitaji rangi, ila ukikaushwa haraka unapasuka ncha zote mbili. Ziba ncha kwa nta, acha ukauke polepole kivulini. Una mafuta yake ya asili, kwa hiyo futa kwa asetoni kabla ya gundi, na ugundishe palepale. Vumbi lake linawasha ngozi na mapafu, vaa barakoa ya chujio, kitambaa hakitoshi. Kwa wanaouza nje: mpingo na karibu jamii yake yote ipo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini) tangu 2017, na mninga na mkongo ziliongezwa kwenye mkutano wa 2022. Ulizia kwa wakala wa misitu kabla ya kupokea pesa ya mteja wa ng'ambo. Pembe ya ng'ombe ni halali, ya mnyamapori usiiguse.

KamukunjiFundi

Ndugu zangu, yote mazuri, lakini mimi nipo kwenye biashara. Mtu akichukua kisu siku saba, akifungulia mikebe, akirudisha ncha imevunjika, nani analipa? Mimi naona dhamana iwe bei kamili ya kisu. Nusu bei ni kumkaribisha mwizi.

Chumamoto

Hapo hatukubaliani, Kamukunji. Ukimwambia mtu alipe bei kamili kwanza, hujamwachia ajaribu, umemuuzia na kumuahidi kumrudishia. Asiye na akiba anakaa pembeni, na huyo ndiye mpagazi tunayemtengenezea.

Ninachopendekeza: kisu cha majaribio kisiwe kisu cha kuuza, basi. Kifanye kwa springi, mipini ya msaji, bila urembo, kwa geometria ileile. Bei yake ya kukitengeneza upya ndiyo iwe dhamana, na itakuwa chini sana ya bei ya kisu kamili cha mpingo. Ada ndogo ya kunoa na kutuma itolewe kando, isirudi, lakini ikatwe kwenye bei iwapo atanunua. Piga picha za pande zote, ncha kwa karibu, mteja akiwa anaona, au umtumie kabla mzigo haujaondoka. Yeye naye apige siku ya kupokea. Andikeni mstari mmoja mmoja: mikwaruzo na ubutu ni kawaida, havikatwi. Ncha iliyovunjika, makali yaliyopasuka, bapa lililopinda na kutu iliyochimba vinakatwa. Kufungulia mikebe, kuchimbia udongo na kurusha haviruhusiwi.

Na soma uharibifu kabla ya kukata pesa. Makali yaliyojikunja bila kupasuka yanasema kisu ni laini mno, yaani kosa la kutempa, si la mteja. Makali yaliyomeguka vipande kwa kukata mti mkavu tu yanasema bapa ni gumu mno au pembe ni ndogo mno. Hapo dhamana inarudi yote na fundi anarudi tanurini.

KamukunjiFundi

Hapo kwenye kisu cha majaribio kisicho cha kuuza nimekubali. Dhamana ya gharama ya kutengeneza inaingia akilini. Ila dhamana irudishwe siku fundi anapokipokea na kukikagua, sio "wiki ijayo". Mteja akizungushwa mara moja, kumi wengine wanasikia.

TanganyikaKigoma

Kuna fundi hapa anatoa visu butu vya majaribio ili watu wasijikate. Ni sawa?

FuaweNaTupa

Kwa kushika mpini tu, sawa. Kwa kukata, hapana. Kisu butu kinalazimisha nguvu, na nguvu ndiyo inayoteleza. Toa kisu kikali, na umpe mkono usioshika kisu glavu ya kuzuia kukatwa. Akae, magoti yasiwe njiani mwa makali, akate kuelekea nje ya mwili au kwenye gogo. Mtu wa karibu awe umbali wa mikono miwili. Sanduku la huduma ya kwanza liwe mezani likiwa limefunguliwa: pedi nzito ya kukandamiza damu, bandeji, tepu. Kisu kikimkata mtu kinaoshwa kwa sabuni na kupakwa dawa ya klorini kabla ya mwingine kukishika, kisha kinasuuzwa na kukaushwa mara moja, kwa sababu klorini inaleta kutu haraka.

Kwenye maonesho kama Sabasaba au Nanenane, makali yasilale wazi mezani. Weka mipini ya mti ichezewe na kila mtu, na visu vikali viwe nyuma ya meza, kimoja kimoja, mtu mzima mmoja mmoja, kwenye gogo lililo upande wa fundi.

KiongoziMarangu

Nikitumiwa kwa basi, kifungwe vipi? Na nikiruka na ndege?

Chumamoto

Ndani ya ala, ala ifungwe kamba isichomoke. Ncha iingizwe kwenye kizibo au kipande cha mti laini. Kisha boksi gumu, kisu kifungwe kwenye kipande cha ubao kisitembee ndani. Andika juu kwamba ndani kuna kifaa chenye makali, mpokeaji wa ofisi ya basi asikatwe akifungua. Kipake mafuta kabla ya kufunga, na siku ya kurudisha kisilale ndani ya ngozi iliyolowa. Kwenye ndege kinaingia mzigo wa chini, kamwe si begi la mkononi.

Mkwaju77

La mwisho kwangu. Mipini yangu inabanduka baada ya miezi michache, gundi ya dakika tano. Nibadili gundi tu au kuna jingine?

FuaweNaTupa

Gundi ndiyo ya kwanza: tumia epoksi ya kukauka saa 24, ile ya dakika tano inakuwa dhaifu zaidi kwenye unyevu. Ila angalia na haya. Msuka ukwaruzwe kwa msasa namba 60 au 80 mpaka usione mng'ao hata kidogo, ufutwe kwa asetoni, usishikwe tena kwa vidole. Pini za shaba nazo zikwaruzwe. Toboa matundu machache ya ziada kwenye msuka ili gundi ya pande mbili ishikane katikati. Ukibana kwa kilempu, bana mpaka gundi itokeze kidogo kando halafu uache. Ukikaza kwa nguvu zote unaikamua yote na kubaki na mti mkavu juu ya chuma. Na ukianza kusaga mpini kwenye mashine ya mkanda, kila baada ya mapito machache gusa msuka kwa mdomo wa juu au kiganja. Ukiona hauwezi kuvumilia joto lake, gundi ndani imeshaanza kulainika. Weka chini, subiri upoe, ndipo uendelee.